Mama Aliyeningoja Baharini

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sisi wazima, na mama yako mguu umepona.

Umeuliza kama kwetu yuko aliyepata ugonjwa wa kusahau, huo mnaouchunguza huko maabara kwa kimeng'enya cha binadamu mnachokitengeneza kwa kutumia bakteria. Yuko: mama yangu.

Miaka ile hifadhi ya bahari ilipoanza, mimi naye tulikuwa tukifunga mwani kwenye kamba Ghuba ya Chole, maji yakaanza kujaa. Nikamwambia, "Mama, tutoke." Akanitazama kwa adabu.

"Tangulia, bibie. Namngoja mwanangu Mwajuma."

Mwajuma ndiye mimi. Nikambembeleza, akakataa, na maji yalishatufika kiunoni. Mwisho nikasema, "Mwajuma amenituma nikuchukue." Hapo akanifuata mpaka pwani.

Nililia, kisha nikawaza: sura yangu imempotea, lakini bado alikuwa akiningoja.

Siku hizi nami naogopa. Juzi jina lako lilinichelewa tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikaona haya kumuuliza mama yako. Hakuna mwingine anayejua. Ndiyo maana nimekuandikia leo, sikungoja uje Idi.

Bibi yako