Mstari Nilioruka

Mama,

Watoto wa darasa la tano huwa nawafundisha kwamba barua inaanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Leo siwezi. Ni mimi, mke wa mwanao Kiplangat, na kuna jambo sikukuambia mpaka tukakuzika.

Kwanza ya nyumbani. Ng'ombe yako nyeupe imezaa ndama jike. Michai ya kule chini Kiplangat ameipogoa, ingawa alichelewa na ungemgombeza. Mtoto wetu Cherop anatembea. Anakimbia, hata, na akianguka anaipiga ardhi kofi.

Mama, unakumbuka watu walivyosema? Uso wako ukiwaka joto katikati ya ibada, jasho likikutoka, wakasema umeanza pombe uzeeni. Ukaanza kuhara na kukonda, wakasema ni ukimwi. Mpaka yule daktari wa misheni akapata uvimbe kwenye utumbo, umeshafika kwenye ini, akakutafutia nafasi ng'ambo kwao. Uliporudi ulitueleza vizuri kuliko daktari yeyote: "Wamenitia dawa iko na moto ndani. Inatembea kwa damu ikitafuta uvimbe peke yake. Ikiupata, inakaa hapo inauchoma." Tukacheka ulipomwigiza nesi akiweka chakula mlangoni na kutoka mbio, asipigwe na mionzi yako. Halafu ukasema, "Siku hizo zote hakuna mtu alinigusa."

Ukanipa ile karatasi ya hospitali. "Wewe ndiye mwalimu. Nisomee."

Nilisoma. Mimba yangu ilikuwa ya miezi minane. Nikakuambia, "Inasema ukae mbali na wajawazito na watoto wadogo." Ukauliza, "Mpaka lini?" Nikasema haikuandikwa.

Iliandikwa, Mama. Majuma matatu tangu siku ya dawa. Na wewe walikuweka huko kwa vipimo, ukafika nyumbani juma la tano.

Si kwamba Kizungu kilinishinda. Niliogopa. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, na mara zote mbili ni wewe ulinishika mkono, na bado nikakufanyia hivyo! Nilijiambia, hao wazungu wanajuaje? Mionzi haionekani, hainuki. Wacha nizae kwanza, ndipo nimwambie.

Cherop akazaliwa wakati wa ile mvua ya El Nino, barabara zote tope. Wamama wakaingia ndani kuita majina ya waliotangulia, mpaka mtoto apige chafya likitajwa jina lake la ukoo. Hiyo ilikuwa kazi yako, wewe mwenye boma. Ulisimama nje, umejibanza ukutani, mvua inakupiga miguu, ukiwatajia majina kupitia dirisha. Mtoto akapiga chafya ulipotaja jina la mama ya mzee wako. Nilikusikia ukipiga vigelegele huko nje peke yako. Woi, Mama. Hata hapo nilinyamaza.

Baada ya hapo kusema kulizidi kuwa kugumu. Ulikuwa unaniletea uji, unauweka kwa kizingiti, unarudi nyuma, ndipo unaniita nimlete mtoto mlangoni umwone. Nikikaribia hatua moja unanifokea: "Rudi! Mimi bado niko na moto!" Hukuwa na moto wowote. Nilikuwa najua, na nilikuwa narudi.

Dawa ilikupa miezi kadhaa mizuri, joto la uso likapungua, ukaweza tena kukaa ibada nzima. Kisha ini likakataa. Ukaenda bila kumbeba mjukuu wako hata mara moja. Nilikuogesha mimi, na mikono yako niliifuta mara mbili, sijui kwa nini.

Sasa sikia kilichotokea Jumapili. Binti yako Chelangat alisema jikoni, mbele ya shangazi zake wote, "Mama hakumpenda huyu mtoto. Alitaka kijana, ndiyo maana hakumshika." Nilikuwa nasonga ugali. Niliendelea kusonga. Cherop alikuwa hapo chini akichezea mfuniko, hajui wanasema juu yake. Wageni walipotoka Kiplangat akaniuliza polepole kama ni kweli, na macho yake yalikuwa yananiomba nikatae. Nikamwambia sijui.

Sijui! Haki, nilijichukia.

Jumamosi wanakuja wote kukuwekea msalaba. Mama, nakuahidi nitasimama hapo kaburini na ile karatasi, niwasomee yote kwa Kiswahili. Kiplangat akinirudisha kwetu Sigor, anirudishe. Chelangat akinitemea mate, nitajifuta. Lakini mtoto huyu hatakua akiambiwa nyanya yake alimkataa, wakati kila asubuhi ulikuwa unapita kwa umande kuja kumtazama kwa mbali.

Msamaha sikuombi leo. Bado sijafanya kitu cha kunistahilisha kuuomba. Pumzika, Mama yangu. Nimefanya mazoezi ya namna ya kuanza, na nimeona maneno marefu yote ni ya kujificha. Nitawaambia, "Alitaka kumbeba. Mimi nilimdanganya."

Mama Cherop