Betri ya Taa za Dagaa

Ilagala, Jumanne

Nacheka peke yangu kama mwehu! Kile kipimo kipya cha vinasaba kimefanya kazi, tena kwa betri ya wavuvi. Yangu ilizima nikiwa napima damu ya ng'ombe mgonjwa wa Mama Zuhura, na mchinjaji ameshafika na kisu. Bahati nzuri mwezi ni mkubwa, dagaa hawafuati taa, wavuvi wamepumzika. Wakaniazima.

Jibu likatoka: ndigana baridi, ugonjwa wa kupe. Inatibika! Nikamchoma sindano.

"Nenda na kisu chako, baba," Mama Zuhura akamwambia mchinjaji.

Sijui kama kesho ng'ombe ataamka amesimama. Naogopa kidogo.

Bado nina zizi zima la kupima. Ee Mungu, mbalamwezi isiishe. Wavuvi wakinisikia, watanitosa ziwani.