Hesabu Iliyoanzia Kulia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia, pamoja na ile aljebra iliyokushinda. Bibi yako mguu bado unamsumbua, na mvua imeangusha ukuta wa jiko. Tupo.

Unauliza kama ni aibu kuomba msaada kwa mwenzio. Enzi za Mwingereza, hapahapa Chang'ombe, nilisoma na jirani yetu Selemani. Aljebra aliijua kuliko darasa zima. Kila asubuhi njiani nilimwambia, "Lete daftari." Naye huniuliza, "Nikueleze?" Namjibu, "Nipe tu, tutachelewa."

Selemani alijifunza kuandika kwenye chuo cha Kurani kabla ya kuja shule. Akiwa na haraka, hatua ya kwanza aliiweka kulia mwa ukurasa, ya pili kushoto kwake. Siku moja mimi, mtoto wa katekista, nikanakili vivyo hivyo.

Mwalimu akainua daftari langu. "Wewe umesoma chuo gani?" Darasa likacheka. Nikainuka. Selemani akasimama.

"Nilimpa mimi, mwalimu."

Akachapwa yeye. Mimi nikaambiwa nikae, nikakaa.

Hakunigombeza. Aliacha tu kunipitia asubuhi, na mie sikwenda kumwomba radhi. Mwezi uliopita tumemzika.

Kwa hiyo omba, mjukuu wangu. Ila mwenzio akikuuliza, "Nikueleze?", usimwambie mtachelewa.

Hesabu yako nimeijaribu jana. Nimejikuta naanzia kulia, na sikufika popote.

Babu yako