Bi Mosi na Daftari la Maumivu

Dada yangu Mwanahawa,

Leo naanza kabla ya kukuamkia, maana nikishakuamkia nitaona haya na barua itaishia kwenye salamu. Nimeandika uongo hospitali. Nimeuandika kwa wino, siku mbili mfululizo, na kwa ajili yake mtu mzima ameumwa bila ya kupewa dawa. Sijamwambia mtu ila wewe.

Sasa shikamoo, dada. Natumai barua hii itakukuta wewe na mwanao mna afya, na kikohozi cha Baba kimepungua. Huku mjini masika yameanza, nguo zetu nyeupe hazikauki, tunazivaa zina unyevu. Chakula tunapata. Nalala chumba kimoja na wanafunzi wenzangu wawili wa uuguzi, wa hapa hapa mjini. Nikisema wanaicheka lafudhi yangu ya Chwaka, basi sisemi sana.

Barua iliyopita nilikutajia Sista, yule Mzungu mkuu wa wodi yetu ya wanawake. Anafanya uchunguzi wake. Anataka kujua wagonjwa waliopasuliwa wanaumwa kiasi gani na saa zipi, kwa sababu anasema dawa tunawapa kwa kukisia tu. Mwanzo aliwauliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Alimwendea mama mmoja wa Bububu akamwuliza, "Maumivu yako ni kiasi gani?" Yule mama akajibu, "Kibaba na nusu, Bibi." Wodi nzima ikacheka, hata mimi. Sista akaandika, ndipo akauliza kibaba ni nini.

Kwa hivyo kazi ile akanipa mimi. Alisema mwandiko wangu mzuri, na mimi ni mtu wa Unguja, wagonjwa watanieleza. Kila mgonjwa ana mstari wake katika daftari. Asubuhi, mchana na jioni niulize, kisha niandike neno moja katika matatu: hakuna, kidogo, au sana. Daktari hulitazama daftari hilo kabla ya kusema nani apigwe sindano ya kutuliza maumivu.

Kitanda cha dirishani alikuwapo Bi Mosi wa Fumba, makamo ya bibi yetu, amepasuliwa tumbo. Nilisimama miguuni pake nikamwamkia. Akaitikia marahaba. Nikamwambia, "Hujambo?" Akasema, "Sijambo, mwanangu, alhamdulillahi." Hapo ilinipasa nimwulize panapomuuma. Niliona haya kumwuliza mtu mzima kama yule habari za tumbo lake, mbele za watu. Nikaandika hakuna.

Nisikufiche. Niliuona mkono wake umekamata chuma cha kitanda. Niliona na jasho juu ya mdomo wake, na asubuhi ile kulikuwa na baridi ya mvua. Mchana nikauliza vile vile, akajibu vile vile. Siku ya pili nilikuwa nasema hujambo huku kalamu ishagusa karatasi. Sisi tumezaliwa na neno hilo. Unakumbuka bibi wiki yake ya mwisho, kila aliyebisha hodi alimwitikia sijambo. Mzungu angekosea, angekuwa na udhuru. Mimi sina.

Jioni ile Sista alifungua daftari akafurahi. Daktari alikuwa ameshaikata sindano ya Bi Mosi tangu jana yake. Sista akawaonesha wauguzi wakubwa ule mstari, hakuna, hakuna, hakuna, akasema mgonjwa akiulizwa kwa lugha yake na kwa upole hutulia. Nikasimama pale nikisifiwa.

Kesho yake asubuhi, saa ya wageni, kabla sijapita na daftari, binti yake Bi Mosi alileta uji. Punde akatoka, akamwambia muuguzi mkubwa kwamba mama yake hawezi hata kumeza mate. Muuguzi akalifungua daftari.

"Mbona hapa hana maumivu? Au wewe wamjua kuliko daftari?"

Yule binti hajui kusoma. Alilitazama lile daftari, akarudi ndani. Mimi nilikuwa pale pale na sinia ya vikombe, nikapita nayo kama sikusikia.

Baadaye niliiweka sinia, nikaenda nikapiga magoti kichwani pa Bi Mosi, nikamnong'oneza anioneshe panapouma. Akanionesha. Akasema kila akivuta pumzi panakatwa upya, tangu siku aliyopasuliwa. Nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Uliniamkia, mwanangu, nikakuitikia," akasema. "Ulitaka nikuitikie vipi?"

Nikaandika sana, nikakimbia kwa Sista. Alikuja mwenyewe, akaagiza sindano, kisha akamwuliza Bi Mosi, neno moja moja, maumivu yameanza lini. Bi Mosi akanitazama mimi, na daftari langu kifuani.

"Leo," akasema. "Yameanza leo asubuhi."

Sista akaandika. Sindano ilipomwingia Bi Mosi alilala mdomo wazi, na mkono ukaachia chuma.

Angenisema ningeona nafuu. Sasa uongo wangu ameubeba na yeye, mgonjwa. Na Sista anasema katika taarifa yake ataandika kwamba aliyepasuliwa tumbo aweza kukaa siku mbili bila ya sindano, mfano wake Bi Mosi. Jumatatu wanapasuliwa wanawake wengine wawili. Lazima nimwambie kabla ya hapo, hata kama nitafukuzwa nirudi Chwaka. Maneno nimeshayapanga. Nakuandikia wewe ili nisiweze kurudi nyuma.

Nisalimie Baba, na shangazi Mtumwa aliyenishonea gauni la safari. Nisalimie na maalim wa chuoni kwetu Chwaka, aliyenishika mkono hata nikajua kuandika. Yeye hasa asijue nimeandika nini.

Na Mama. Najua anawaambia wenziwe kisimani kwamba mwanawe anatibu watu mjini. Barua hii isome peke yako, kisha itie motoni. Nakuomba, dada, iwe siri yako. Mama akikuuliza hali yangu, mwambie nimeandika sijambo.

Mdogo wako,
Mize