Nilipiga Kelele Uwanja Ukiwa Kimya

Shangazi mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, ukichelewa utanikuta nimeshajimaliza mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nashona vitambaa vya makochi, na nina mchumba fundi wa majokofu, mpole, hana kasoro ila hii moja, anaipenda kupita kiasi ile bendi yetu ya roki, unaijua, ya hapa hapa kwetu, hata watoto wa chekechea wanaiimba, na mimi Shangazi siipendi, nimejaribu nimeshindwa, yule mwimbaji akianza kuunguruma nasikia kama mtu anaburuta kabati kwenye saruji, lakini nimwambie nani, kazini tajiri wangu anasema mkataa kwao mtumwa, na mchumba wangu alishamfukuza rafiki yake wa utotoni kwa kuiita bendi hiyo makelele, akasema asiyependa muziki wa kwao hana kwao, nami nimekaa pembeni naitikia kwa kichwa.

Sasa mwezi uliopita walipiga uwanjani. Nikakata vipande vya sponji ya makochi, nikaziba masikio, nikajifunga kilemba juu yake, tukaenda. Akiruka naruka, akiinua mikono nainua. Kilichoniponza nikajitia kufumba macho ili nionekane yamenikolea, kumbe bendi wamesimama, wameomba kimya kwa ajili ya mpiga ngoma wao aliyefariki, watu wote wameinamisha vichwa, mimi peke yangu naruka na kupiga kelele, "Tena! Tena!" Nilipofumbua macho nikaona ninavyotazamwa, nikaangua kilio kwa aibu, nao wakadhani namlilia marehemu! Nimesimuliwa baadaye kwamba mwimbaji alisema, "Dada yetu yuko sahihi, mwenzetu hakupenda kimya kabisa," uwanja mzima ukaitikia tena, tena.

Video imezunguka kila simu. Sasa naitwa Mama Tena. Mama yake mchumba wangu amenikumbatia akasema, "Sasa ndiyo nimepata binti," na mwanawe hafungui jokofu la mteja kabla hajamwonyesha ile video. Na Jumamosi bendi wananiita jukwaani nieleze muziki wao umenifaa nini maishani! Silali, jana nimeshona kochi la watu ndani nje. Nikisema ukweli ataniacha, nami nampenda, nikinyamaza ndiyo nimeolewa na lile kabati mpaka uzeeni. Nifanyeje?

Mama Tena, bila kupenda

SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu, pole. Nimecheka pia, unisamehe, mpaka wa chumba cha pili kaja kuuliza kuna nini.

Kwanza ondoa hiyo hofu ya usaliti. Wahenga walisema mkataa kwao, hawakusema mkataa gitaa. Mtu anaweza kuipenda nchi yake na bado akazima redio.

Ila uongo huu umeulea mwenyewe. Siku mwenzako alipomfukuza rafiki yake ungefungua mdomo, leo tungekuwa tunazungumza habari ya muziki tu. Badala yake ukatikisa kichwa, na sasa tuko kwenye msiba wa watu. Ukipanda jukwaani ukaanza kumsifia marehemu usiyemjua, mama mzazi wa marehemu akiwa pale chini anakusikiliza, hapo sitakutetea. Wapigie bendi leo, waambie huji. Wakiuliza kwa nini, sema huna la kusema jukwaani, na huo ndio ukweli.

Kisha mchumba wako. Usimtumie ujumbe wa simu, na usipitie kwa mama yake. Mkalishe, mwambie, "Siipendi bendi yako. Nilikwenda kwa sababu yako." Ukiona amekunja uso, rudia hilo la pili. Atakasirika, mwache akasirike, ana haki, umemwacha akutangaze kwa watu. Usilie ili akuonee huruma. Akipoa, mwambie anunue vipokea sauti vya masikioni asikilize peke yake, nyumba nyingi zimepona kwa hivyo.

Unasema unaogopa atakuacha. Sasa nikuulize, amwache nani? Yule anayewaonyesha wateja kwenye simu si wewe, na ndiye anayetaka kumuoa. Wewe hajakutana nawe bado. Nenda kajitambulishe.