Aliponiuliza Kama Elektroni Hurudi

Jumamosi, Samuye. Upepo mkavu tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye kibodi. Macho yananiwasha, na si kwa vumbi peke yake.

Posa yangu imevunjika.

Baba Kulwa, mshenga wa Sospeter, alifika saa nne. Mama alimtengea chai na michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukaushwa. Alikula taratibu mpaka sahani ikabaki tupu, ndipo akasema upande wao umerudi nyuma.

"Ungesema kwanza, Baba Kulwa, ndipo ule," Mama alimwambia.

"Ningesema kwanza, Mama Nkwimba, ungenipa hiyo chai?"

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, kijana anasema wewe mwenyewe ulimwambia hurudi."

Sikumwambia hivyo. Au nilimwambia.

Mwezi uliopita Sospeter alikuja kutoka Geita, vumbi la karasha anakosaga mawe ya dhahabu bado liko kwenye kope. Alikuwa amesikia nimepata nafasi ya kusoma fizikia nje, miaka minne. Hakuulizia safari. Aliulizia kazi yangu, nami, mjinga, nikafurahi. Nikamchorea mchangani: tone dogo mno la heliamu, la baridi isiyo na mfano, na atomu moja ya sodiamu imekaa juu yake. Ukiipiga kwa mwanga wa leza, elektroni yake ya nje hupanda ngazi za juu sana, ikaenda mbali hata ikaweza kulizunguka tone zima. Bado ni ya atomu ile, lakini imeshikwa kidogo tu.

"Inarudi?" aliuliza.

Nikajibu kama niko mbele ya wasimamizi wangu wa utafiti. Nikasema inategemea. Nikasema ikishapanda sana, hata msukumo mdogo unaweza kuing'oa moja kwa moja. Nikaongeza kwamba mara nyingi atomu yenyewe hurushwa mbali na tone. Kila neno lilikuwa sahihi, na nilijivunia.

Alifuta mchoro kwa kandambili, polepole, akasema gari litamwacha.

Nimesoma miaka yote hii, na sikujua kusikia swali.

Leo nimempigia mara sita. Hapokei. Mama anaanua michembe uani.

Jibu ni ndiyo, Sospeter. Ningerudi.

Nimeliandika hapa, mahali ambapo wewe husomi.