Filamu ya Macho Mawili

Kawangware, Jumapili

Kaka yangu Mbuvi,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Nduku na watoto. Natumaini mko salama huko Kitui na kwamba mvua imewakumbuka. Najua utashangaa kuona maneno marefu hivi ilhali simu ipo. Nimeishika mara nyingi nikupigie, lakini naiweka chini. Kwa hivyo naandika.

Unajua kazi ya filamu ninayofanya na Sifuna, yule mwenzangu wa Bungoma. Safari hii tulitaka filamu ambayo mtu akivaa miwani anaona vitu vikimjia usoni. Tulimchagua Nasike, dada wa Kibera anayechonga vipuli kwa mifupa ya ng'ombe. Tulisema vumbi la mfupa litaruka kutoka kwenye msumeno mpaka kwenye viti vya watazamaji.

Kaka, kazi hiyo ni ngumu! Kamera lazima ziwe mbili, jicho la kulia na la kushoto, zikae sambamba kama macho ya mtu. Fundi Khamala wa karibu na Nyayo Highrise alituchomelea chuma cha kuzishika, lakini kamera moja ikainama kidogo, unene wa ukucha tu, na ukucha huo ukatuharibia asubuhi nzima. Haziwaki pamoja, kwa hivyo Nasike alikuwa anapiga kofi kila tukianza, ili baadaye tuzioanishe kwa ule mlio. Tukimsogelea sana, uso wake unagawanyika. Hata rangi zilikataa kufanana; kamera moja ilimwonyesha alivyo, nyingine ikamfanya kama mtu wa homa ya manjano.

Kuoanisha picha nilijitwika mimi, hapa nyumbani kwenye kompyuta. Nilipomaliza nikamwita Sifuna kwa furaha. Alivaa ile miwani ya plastiki, upande wa kushoto mwekundu na wa kulia wa buluu, akaivua mara moja akishika kichwa.

"Kasiva, wacha jokes! Ukuta umekuja mbele, Nasike ameingia nyuma yake. Umebadilisha kushoto na kulia!"

Nilimwambia mimi naona iko sawa. Akaniangalia, kisha akaniuliza nikivaa miwani naona rangi gani. Nikamjibu buluu, si ndiyo? Nyekundu sikuitaja. Alinyoosha mkono polepole akanifunika jicho la kulia kwa kiganja.

Mbuvi, kompyuta ilipotea. Dirisha pia, na Sifuna mwenyewe. Palibaki ukungu wa kijivu na mwangaza mdogo pembeni. Nilipiga nduru hadi jirani yangu Sella akaja mbio akidhani nimepigwa na stima. Alinikuta nikifunika jicho na kulifunua, nikifunika na kulifunua, siamini kwamba jicho langu mwenyewe liliondoka bila kuniaga.

Filamu ilitoka hatimaye. Sifuna alirekebisha, tukaionyesha katika ukumbi wa kanisa kule Kibera. Watu walinyoosha mikono kulishika vumbi, na Nasike akajikinga uso kwa leso huku akicheka. Mimi nilikaa mbele nimeigeuzia picha mgongo, nikiwatazama wao.

Sasa nikwambie kilichonizuia kupiga simu. Daktari wa macho anasema ni presha ya macho. Haiumi. Inakula polepole, na jicho lililo zima linakufichia upofu wa lile jingine. Kilichokwenda hakirudi. La kulia nalo limeguswa, ila dawa ya matone italishikilia nikiitumia maisha yangu yote. Kisha akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kupofuka. Nikamtaja Baba, na jinsi tulivyosema ni moshi wa kuchoma makaa. Akatikisa kichwa. Alisema ugonjwa huu hutembea katika damu, akaniuliza nina ndugu wangapi.

Mmoja, nikamwambia. Hapo hapo nilikuona kwenye usukani wa lori, limejaa saruji, ukiteremka ule mteremko wa Salama kwenye barabara ya Mombasa.

Kaka, usiwashe hilo lori kabla hujapimwa. Hata usingoje kumaliza barua. Funika jicho moja sasa hivi usome mstari huu, halafu ubadilishe. Na hata ukiusoma kwa yote mawili, nenda.

Wabusu watoto, na umwambie wifi nimemkumbuka.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kasiva